Wazo la Hadithi: Ulifiche au Ulianike Kwanza?

Waandishi wa skripti wachanga wa Dar es Salaam wakikutana, iwe Nafasi Art Space kule Mikocheni au kwenye vibaraza vya chuo pale Mlimani, mazungumzo hayakawii kufika kwenye swali moja. Ukiwa na wazo zuri la hadithi, ulifiche mpaka umpate mwenye fedha za kulitengeneza, au ulitoe mwenyewe kwa njia ndogo unayoimudu, wenye fedha wakukute njiani? Swali hili linazidi kuwa zito kwa sababu siku hizi hadithi moja inaweza kuanza kama simulizi ya WhatsApp, ikawa podikasti, ikachorwa katuni, ikaishia kuwa tamthilia ya televisheni. Anayetaka kula kwa kalamu yake lazima aamue aanzie wapi.

Hofu ya wanaoficha ina msingi. Kijana anaandika andiko la kurasa kumi, analipeleka kituo cha televisheni au anamtumia prodyuza kwa simu, kisha kimya. Baada ya muda anaona tamthilia yenye kisa kinachofanana sana na chake. Malalamiko ya namna hii yamejaa mjini na siyapuuzi hata kidogo, kwa sababu mtu anayeyatoa mara nyingi ameweka usiku wake mwingi kwenye zile kurasa.

Shida ni kwamba wengi wanakwenda wakiamini sheria itawakinga mahali ambapo haiwakingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kupewa umbo: hadithi iliyoandikwa, skripti, mchoro, sauti iliyorekodiwa. Wazo tupu hailigusi. Msichana wa kazi anayegundua kwamba nyumba anayoifagia ni urithi wake mwenyewe: hilo ni wazo, na watu wengi wanaweza kuwa nalo kwa wakati mmoja bila kuibiana, kila mmoja akiwa huru kuliandika atakavyo. Lakini mazungumzo ya kurasa sitini, wahusika wenye majina na makovu yao, mtiririko wa matukio kipindi kwa kipindi, hivyo vina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kwenda kuvidai. Haki hiyo inazaliwa pale kazi inapoandikwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, hakuiumbi, ila kunakupa ushahidi wa nani alikuwa na nini, tangu lini.

Kwa hiyo anayeficha wazo analinda kitu ambacho kisheria si chake, na kwa kulificha anachelewa kukitengeneza kile ambacho kingekuwa chake.

Wapo wanaosema dawa ni mkataba wa usiri: kituo kisaini kwanza ndipo kisikie. Hapa ni lazima tuwatendee haki na watu wa upande wa pili wa meza. Anayepokea maandiko kila wiki atakutana na urithi unaogombaniwa, mama mkwe mkali, mganga wa kijijini na tajiri wa Masaki anayempenda binti wa Mbagala, tena na tena, kutoka kwa watu wasiojuana. Akisaini usiri kwa kila mmoja wao, siku akitengeneza tamthilia yoyote atakuwa na kesi kumi. Kukataa kwake kusaini hakumfanyi mwizi. Na tukubali kwamba mara nyingi kufanana kunatokana na sisi wote kunywa kisima kimoja.

Sasa tuwageukie wanaosema anika. Mji huu una mifano ya kuwapa nguvu. Masoud Kipanya alianza kujulikana kwa katuni za gazetini, akawa mtangazaji wa Clouds FM, akawa sura ya kipindi cha televisheni cha Maisha Plus, akaingia kwenye nguo, na mwaka 2022 akazindua gari la umeme kwa jina la Kaypee. Hakuna mlinzi wa mapokezi aliyelazimika kushawishiwa kumsikiliza, kwa kuwa watu walishamzoea Kipanya wa kwenye katuni. Kilichotembea kutoka chombo kimoja hadi kingine ni jina lenye mtazamo wake, na lilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo.

Eric Shigongo naye alichapa hadithi zake kwa mfululizo magazetini, msomaji akikatishiwa penye utamu ili anunue toleo lijalo, kisha hadithi zikatoka vitabu. Wengi wanaoutaja mfano huu wanasahau jambo kubwa: magazeti yale yalikuwa ya kampuni yake, Global Publishers. Alimiliki hadithi, akamiliki na karatasi iliyoibeba. Mwandishi wa leo anayerusha sehemu tano za mwanzo bure kwenye Facebook na kuuza zilizobaki kwa M-Pesa anatumia mbinu ileile ya kukatisha penye utamu, lakini uwanja anaochezea si wake. Simulizi yake inanakiliwa, inasomwa kwa sauti YouTube na mtu asiyemjua, jina lake limefutwa, na matangazo yanamlipa huyo mwingine. Anayemwambia kijana aanike tu, bila kumwambia hili, anampeleka vitani bila ngao.

Gharama ya pili ya kuanika haisemwi sana, nayo ni uchovu. Kijana anaambiwa awe na podikasti, achore, akate video, ajibu maoni, na juu ya yote aandike vizuri. Kila chombo kina ufundi wake. Redio inahitaji sauti zinazotofautiana hata gizani. Katuni inataka maneno machache. Tamthilia inataka kisa kinachobeba vipindi vingi bila kupwaya. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilitoka kama riwaya mwaka 1999, ikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa fasihi, na filamu ya Amil Shivji ikaja mwaka 2021. Mmoja aliijua riwaya, mwingine aliijua kamera, na filamu haikulazimika kubeba kila kilichomo kitabuni. Sioni kwa nini kijana wa miaka 23 atakiwe kuwa wote wawili kwa wakati mmoja.

Watu watanitajia Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoundwa hapahapa Dar na kuanza kurushwa mwaka 2014, chenye wahusika wanaofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo, na mtoto akijibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Ni kazi ya kujivunia, na inaonyesha kwamba hadithi moja inaweza kupangwa tangu mwanzo iishi kwenye vyombo kadhaa. Lakini nyuma yake kuna taasisi isiyo ya kibiashara, timu nzima na fedha za wafadhili wa elimu. Mwandishi mmoja wa Tandale akiinakili ratiba yao ataishia kuwa na akaunti sita na hadithi isiyokwisha.

Kwa maoni yangu wanaoanika wana hoja yenye nguvu zaidi, kwa sharti kwamba waanike kidogo na kwa mpango. Chagua chombo kimoja unachokijua kweli na ambacho unaweza kukilipia mwenyewe. Kamilisha hadithi yenye mwanzo na mwisho, hata ikiwa fupi. Isajili. Ndipo uende kwa prodyuza ukiwa na vitu viwili ambavyo andiko la kurasa kumi halina: kazi yenye ulinzi wa sheria, na wasomaji au wasikilizaji waliorudi sehemu ya pili, ya tatu, ya nane. Idadi ya waliobofya mara moja haimwambii mtu wa televisheni chochote cha maana. Anachotafuta ni kisa kinachomrudisha mtazamaji wiki ijayo.

Hata hivyo ukifika mezani, vita halisi ndiyo kwanza inaanza, na hapa ndipo ningetaka vijana wawekeze hasira yao badala ya kwenye wazo lililoibwa. Haki za hadithi zinagawanyika. Haki ya kuitangaza kwenye televisheni ni moja, ya kuifanya mchezo wa redio ni nyingine, ya kuichapa kitabu ni nyingine, ya kuitafsiri, ya kuwatumia wahusika kwenye bidhaa. Mikataba mingi inayopita mikononi mwa wageni wa kazi hii inazikusanya zote kwa mstari mmoja na malipo ya mkupuo. Mwandishi anayeuza kazi kwa mara ya kwanza, asiye na jina, anaweza kukubali, na simlaumu: kodi ya chumba haisubiri, na kituo ndicho kinachobeba hasara tamthilia ikianguka. Wanaokitetea kituo wana haki ya kudai televisheni yao isiingiliwe na toleo jingine la kisa kilekile wakati kipindi kinarushwa. Lakini hilo halihitaji kumnyang'anya mtu kitabu na podikasti maisha yake yote, wakati sheria inamlinda yeye akiwa hai na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake.

Njia ya katikati ipo na wenzetu wa filamu duniani wanaitumia kila siku. Kituo kinalipa kiasi kidogo ili kuishikilia hadithi kwa muda uliotajwa, tuseme mwaka mmoja. Kikiitengeneza, kinalipa bei kamili ya haki ya televisheni pekee. Kisipoitengeneza, hadithi inarudi kwa mwandishi na fedha ile haidaiwi. Kituo kinapata utulivu wa kutafuta wadhamini bila kuogopa kuzidiwa kete na mshindani. Mwandishi anapata kitu ambacho hakuna andiko lililoachwa mapokezi limewahi kumpatia: tarehe ambayo akifika, ama amelipwa, ama yuko huru kubisha mlango wa jirani.