Msaada wa Kijana Uanzie Shuleni

Shule nyingi za sekondari nchini Kenya bado zina njia moja ya kumshughulikia mwanafunzi aliyelemewa na maisha: kumpa barua ya kumwita mzazi, kumrudisha nyumbani majuma mawili, kisha kumpokea akiwa na dhiki ileile aliyoondoka nayo. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo, lakini mara nyingi ana vipindi vyake vya kufundisha, na huenda ndiye aliyetia sahihi barua hiyo ya adhabu. Kijana gani atamfungulia moyo mtu huyo?

Ndiyo maana ninaiunga mkono kwa dhati programu ya Shamiri, iliyoasisiwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake, ambayo huwatumia vijana waliomaliza sekondari, wenye umri wa miaka 18 hadi 22 hivi, kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa saa moja kila wiki, kwa wiki nne. Wanafunzi hujifunza kwamba tabia na uwezo wa mtu hubadilika, huandika mambo wanayoyashukuru, na hutafakari maadili wanayoyathamini. Kwa kuwa maradhi hayatajwi, anayehudhuria hanyooshewi kidole na wenzake kwamba ana wazimu, na jambo hilo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko mbinu zenyewe.

Wapo wanaosema kwamba vijana wasio na shahada hawafai kupewa kazi hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowashirikisha wanafunzi 413, ulilinganisha vikundi hivyo na vingine vilivyofundishwa stadi za kujisomea, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia Shamiri. Hoja ya shahada ingekuwa na nguvu kama tungekuwa na madaktari wa akili wa kutosha. Hatunao, na wengi wao wako mijini.

Hata hivyo, mwanafunzi anayefikiria kujiua au aliyetekwa na dawa za kulevya hatoshwi na saa nne za mazungumzo. Kiongozi wa kikundi lazima awe na mtaalamu anayemsimamia, na hospitali ya kumpeleka mwanafunzi huyo siku hiyohiyo. Hapo ndipo Wizara ya Elimu na serikali za kaunti zinapopaswa kuingia: kutenga kipindi hicho katika ratiba ya shule, kuwalipa viongozi hao posho ya haki bila kuwategemea wafadhili, na kuhakikisha kwamba mwanafunzi aliyepewa rufaa hadaiwi fedha kabla ya kuonwa na daktari.