Ofisi Ndiyo Iulize, Si Mwananchi Aombe

Wiki hii nimepokea barua ya kodi kutoka halmashauri ya mji ninaoishi hapa Uingereza. Nyuma ya karatasi kulikuwa na maelezo mafupi yanayomkaribisha mpokeaji aseme iwapo angependa kuandikiwa kwa herufi kubwa, kwa nukta nundu au kwa lugha nyingine, na kwamba nyumba iliyoongezewa bafu au chumba kwa mahitaji ya mkaazi mwenye ulemavu inaweza kushushwa daraja moja la kodi. Hakuna aliyekuwa ameomba lolote. Ofisi ndiyo iliyotangulia kuuliza, na jambo hilo limenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Najua wapo watakaosema kwamba mtu akishafika Ulaya hujiona ana haki ya kuwafundisha wenzake ustaarabu. Sivyo, ndugu zangu. Nayataja ya kwetu Tanzania kwa fahari: halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na katika mabaraza ya madiwani tuna viti maalumu vya wanawake, wakati hapa hakuna kiti hata kimoja cha udiwani kilichotengwa kwa ajili yao. Hata sheria hatujachelewa. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, mwaka uleule Uingereza ilipotunga Sheria yake ya Usawa.

Tofauti ninayoiona ni ya nani anayebeba mzigo. Kifungu cha 149 cha sheria ya hapa kinaitaka ofisi ya umma ipime, kabla ya kuamua, namna uamuzi wake utakavyowagusa watu kwa sababu ya ulemavu, umri, jinsia, rangi au dini. Kwetu mwenye shida ndiye anayejieleza, tena kwa unyenyekevu, kana kwamba anaomba hisani. Shangazi yangu ni kiziwi. Alipokuwa na mgogoro wa kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, alilazimika kwenda ofisini na mjukuu wake wa shule ya msingi amtafsirie, mbele ya mashemeji aliokuwa akigombana nao. Mtoto yule alisikia mambo ya bibi yake ambayo hakupaswa kuyasikia, na yapo ambayo shangazi aliamua kutoyasema kabisa. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Kila mtu pale alimhurumia. Lakini huruma haikumpa mkalimani, na mimi bado nina hasira.

Mtaniambia Uingereza ina fedha. Fedha zipo, ingawa si kwa kiwango mnachodhani: Septemba 2023 Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilitangaza kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni madai ya wafanyakazi wanawake waliolipwa pungufu ya wanaume. Sisemi basi kwamba hawa ni malaika; wanawake wale walidhulumiwa miaka mingi. Nasema walikuwa na mahali pa kudai, na ofisi ikalazimika kujibu.

Tena, kuongeza katika fomu ya mtendaji wa kata swali moja la kujua mwananchi anahitaji msaada gani ili ahudumiwe hakuhitaji mfadhili. Kuwa na mkalimani wa lugha ya alama anayejulikana kwa kila halmashauri, na siku maalumu za kupatikana kwake, kunahitaji fungu dogo la bajeti. Kamati za watu wenye ulemavu zinatambuliwa na sheria yetu. Ziitwe wakati bajeti na ramani za majengo bado ni rasimu, si baada ya ofisi kujengwa juu ya ngazi ambazo mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuzipanda.