Pink Floyd Venice, 1989: bure kwa nani?

Jumamosi, tarehe 15 Julai 1989, Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga muziki bila kiingilio Venice, mji wa Italia uliojengwa majini. Jukwaa lilikuwa juu ya tishari lililotia nanga majini, mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Mji wa kale ulikuwa na wakazi wasiofika 100,000. Waliomiminika usiku ule walikadiriwa kuwa 200,000. Kulipokucha uwanja ulikuwa umetapakaa chupa na makopo, kuta zinanuka mkojo, na jeshi likaitwa kusaidia kufagia. Haukupita muda, meya Antonio Casellati na baraza lake wakajiuzulu.

Waliopinga onyesho hilo walikuwa na hoja mbili, nami sizipimi sawa. Ya kwanza ni mtetemo. Venice imesimama juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa kwenye tope, na kanisa la Mtakatifu Marko limejaa michoro ya vijiwe iliyodumu karne nyingi. Kwa hofu hiyo bendi iliwekewa kikomo cha desibeli 60, yaani karibu na sauti ya watu wawili wanaozungumza mezani. Kwa muziki wa kina David Gilmour, mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi, unaojengwa polepole kwa kinanda na gitaa hadi umzingire msikilizaji, hilo ni kama kumkaribisha mtu pilau kisha ukampa aunuse tu.

Hoja ya pili ndiyo nzito. Usiku ule ulikuwa wa Redentore, sikukuu ya wenyeji ya kukumbuka kwisha kwa tauni iliyoufyeka mji kati ya 1575 na 1577. Familia hupamba mashua, hula humo humo majini na kungoja fataki. Ghafla sherehe yao ikawa uwanja wa wageni, na ratiba yake ikafungwa na saa za televisheni, kwa kuwa RAI, shirika la utangazaji la taifa la Italia, ilikuwa ikirusha onyesho moja kwa moja hadi nchi nyingine. Mtu akilalamika kwamba hakuulizwa, ana haki.

Lakini kusema Pink Floyd ndio walioichafua Venice ni kuwaonea. Gilmour alidai baadaye kwamba wakuu wa mji walikubali kuleta ulinzi, vyoo na chakula, kisha hawakutimiza, na lawama wakawatupia wanamuziki. Unaweza kusema anajitetea. Hata hivyo, vyoo vya muda havikuwepo, na hilo halihitaji shahidi. Ukiwaweka watu 200,000 kwenye kisiwa tangu mchana wa Julai, wanakunywa, na huna pa kuwapeleka, watajisaidia popote, awe mpenzi wa roki au muumini aliyekuja kuhiji.

Bendi hii haikuwa ngeni kwa maonyesho ya bure. Tarehe 29 Juni 1968 ilipiga Hyde Park, London, katika onyesho la kwanza la bure la roki kwenye bustani ile, pamoja na Jethro Tull, Roy Harper na Tyrannosaurus Rex. Watu walikaa kwenye majani, na mtangazaji John Peel alikodi mashua akasikiliza akiwa ziwani. Muziki wa majaribio ulihitaji nafasi ya namna ile: mtu asiyejua kama ataupenda hupita, akaketi, akausikia. Naona hiyo ndiyo sababu bora ya kufuta kiingilio. Mwaka 1989, hata hivyo, Pink Floyd walikuwa wakijaza viwanja vya michezo duniani kote, na hawakuwa na haja ya kumvuta mpita njia. Kwa hiyo nao wana sehemu yao ya lawama: bendi kubwa kiasi hicho ilipaswa kuviona vyoo kwa macho kabla ya kupanda tishari.

Aprili 2024 Venice ilianza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku za msongamano. Kwa kiwango hicho, umati wa 1989 ungeingiza euro milioni 1, fedha ya kukodi vyoo na kulipa wafagiaji. Hata hivyo nisingependa ikatwe mlangoni. Televisheni ilipata kipindi, bendi ikapata picha ambayo haijasahaulika mpaka leo. Ankara ya usafi ingepelekwa kwao, na kijana aliyefika kwa treni bila senti angebaki amekaa palepale ukingoni mwa maji.