Maharage Yanayolala Kabla Yangu

Tangu mambo yaanze kuwa ya kubahatisha, nyumbani kwangu hakuna kinachotupwa isipokuwa maoni yangu. Mwajiri hasemi kama tutalipwa kwa wakati, mwenye duka hasemi kama bei ya leo itafika kesho, na mama watoto, ambaye ndiye pekee anayesema jambo kwa uhakika, ametangaza kwamba kilichomo stoo kitatufikisha mwisho wa mwezi, kitake kisitake.

Mateso yangu yanaanzia kwenye maharage makavu. Jioni yanachambuliwa, yanaoshwa, kisha yanalazwa kwenye maji yenye chumvi kidogo kwa saa 8 hadi 12, wakati mimi bado nimekaa sebuleni nikisubiri mtu anikumbuke. Nilipouliza sababu ya ulezi huu, nilielezwa kwamba yaliyolowekwa huiva mapema na kuokoa nishati, na kwamba kikombe 1 cha makavu hutoa takribani vikombe 3 vya yaliyoiva. Sina ubishi na hesabu hiyo. Nasikitika tu kwamba mshahara haukubali kulowekwa.

Nyanya nazo zina zamu yake. Haziingii sufuriani mpaka maharage yalainike, kwa kuwa ukali wake huyachelewesha kuiva. Nilipopendekeza tutie vyote kwa pamoja ili tule mapema, mama watoto aliniuliza, kwa upole unaotisha, kama sina kazi ya kufanya. Yakiwa yale mekundu, masharti yanazidi: ni lazima maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi, na nusu saa ni salama zaidi, kwa sababu mabichi yana sumu inayoweza kumtapisha mtu mzima mwenye heshima zake. Baada ya hapo sufuria inafunikwa, inaondolewa motoni na kuviringishwa kwenye blanketi zito, ili joto lililomo ndani liendelee kupika bila gharama. Blanketi lenyewe ni langu. Naruhusiwa kulitazama, lakini kulifunua ni marufuku, maana joto likitoroka kazi inaharibika. Kwa hiyo kuna usiku ambao maharage yanalala yamejifunika gubigubi, nami nimejikunja chini ya shuka, nikisikia harufu ya kitunguu ikitoka kwenye mali yangu.

Wali uliobaki unapata huduma ambayo sijawahi kuipata hata nilipokuwa mgonjwa. Haupoi ovyo mezani. Unatandazwa kwenye sinia pana ili upoe upesi, na kabla ya saa 2 kupita unakuwa umeshafikishwa kwenye jokofu, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na moto wa kupikia na ambavyo hupenda sana wali wa vuguvugu. Mkate, kinyume chake, hauwekwi huko, kwa kuwa baridi ya jokofu huufanya ukauke haraka kuliko ukiwa kabatini. Ukishakauka unasagwa kuwa chenga za kuchanganya na mabaki mengine, ambayo siku hizi siyaulizi majina.

Kisha kuna ule mfuko wa kwenye friza. Ndani yake mna maganda ya vitunguu, vikonyo vya karoti, mashina ya majani ya kiungo na mifupa ambayo mimi binafsi niliimaliza kwa bidii, nikidhani habari yake imekwisha. Ukijaa, vyote vinachemshwa taratibu, vinachujwa, na tunaandikiwa supu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami shemeji alipobisha hodi nilipata matumaini ya kuona kitu kipya mezani. Alipewa supu hiyohiyo. Akaisifu, akaongezewa, akaapa kwamba ndani yake anamsikia kuku. Mama watoto akatabasamu bila kusema neno. Ni kweli kuku alikuwemo, ila ni yule wa mwezi uliopita, ambaye mapaja yake yote mawili yaliliwa na shemeji huyohuyo.