Meru Unasingiziwa

Jamani, Julai ikifika Arusha kila mtu anageuka mtabiri wa hali ya hewa. "Baridi ya mwaka huu siyo ya kawaida!" Mlima Meru wa watu umetulia zake na mita zake zaidi ya 4,500, lakini lawama zote unabebeshwa wenyewe. Mtu kakaa sebuleni Sakina, jaketi, soksi mbili mbili, shuka la Kimasai juu, na pazia linacheza taarabu ilhali dirisha limefungwa. Hajiulizi upepo unapenya wapi!

Chini ya mlango ndiyo aibu. Mlango wa sentimita 80, mwanya wa sentimita moja tu, piga hesabu: ni sawa na tundu la 9 kwa 9. Fundi angekuachia tundu hilo ukutani, hela yake asingeiona. Likilala chini ya mlango, unaliruka kila siku na kumwambia mgeni karibu.

Haya, msake mwizi. Subiri jioni ya upepo, funga madirisha, washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu kandokando ya fremu (mbali na hilo pazia linalocheza). Moshi ukilala au ukiyumba, tia alama ya chaki. Usiku mtu amulike tochi kutoka nje, wewe ndani uzime taa uone mwanga unapenya wapi.

Na juu je? Hewa yenye joto hupanda, ikatorokea kwenye mfuniko wa darini na kona za jipsamu, na inavyotoka ndivyo inavyovuta baridi iingie chini. Utaziba mlango mpaka uchoke, miguu bado barafu.

Sasa waje wazee wa silikoni, ile gundi ya kuzibia mianya. Wanapaka juu ya vumbi letu jekundu, wiki mbili imebanduka kama ganda la ndizi, anatukanwa mwenye duka. Futa, kausha, ndipo upake! Tena ya kawaida haishiki rangi. Mwanya mpana unataka foamu ya kopo, ile ya kupuliza: loanisha kidogo, jaza nusu, iache ivimbe, kesho yake ikate kwa kisu na uifunike, maana jua huila. Wao wanashindilia kopo zima, fremu inapinda, mlango unagoma kufunga. Upepo sasa unaingia kwa heshima zote.

Mwingine anaziba hata matofali ya matundu, halafu analaza jiko la mkaa chumbani. Weee! Sumu ya mkaa haina harufu wala haipigi hodi. Jiko litoke nje, matundu ya jikoni yabaki wazi.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma, badilisha vile vibrashi vya manyoya vilivyolika, basi. Lakini hapana, mtu kaona vitundu vya chini kwenye reli, kafurahi, kavijaza silikoni. Hivyo ni vya kutolea maji ya mvua! Masika ikifika reli imekuwa beseni, maji yanashuka ukutani, anampigia fundi simu: "Dirisha lako linavuja."