Mnada ni Oktoba, Njaa ni Agosti

Agosti 2024 nilikuwa Newala kwa mama mdogo, wakati mikorosho ya uwanda wa Makonde ilikuwa imejaa maua na hewa ya asubuhi ina ile harufu tamu ambayo mtu aliyekulia huko haisahau. Tulikuwa barazani tunapeta mbaazi alipofika kijana mmoja kwa pikipiki, mkononi ana daftari na kopo la rangi lililokatwa mdomo. Hakukaa sana. Alihesabu noti, akaandika jina la mama mdogo, na pembeni ya jina akaandika idadi ya makopo ya korosho ambayo angekuja kuyachukua mavuno yatakapoanza. Alipoondoka nilimuuliza mama kwa nini asingoje mnada, ilhali yeye ni mwanachama wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na utaratibu anaujua. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Mnada ni Oktoba, mwanangu, na mjukuu wangu amelazwa leo."

Oktoba ile minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Sehemu kubwa ya korosho za mama mdogo ilikuwa imeshakwenda, kwa kipimo cha kopo lililojazwa hadi kilele, kwa bei isiyofika nusu ya hiyo.

Biashara hii huku kwetu inaitwa kangomba, na kila mtu anajua kuwa imekatazwa. Kila msimu unapokaribia, viongozi huwaonya wanunuzi, na mkulima anayeuza kwa njia hiyo husemwa mikutanoni kuwa ni mjinga au ana tamaa ya fedha za haraka. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu mama mdogo anaijua hesabu ya kilo na shilingi kuliko mimi niliyesomeshwa kwa korosho zake. Alichokosa ni miezi miwili. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba subira huvuta heri, lakini subira yenyewe ina gharama: inataka unga ndani ya nyumba, dawa, nauli ya hospitali na mtu wa kukukopesha bila kukukamua. Tunapojadili ajira na tofauti ya kipato tunahesabu nani ana kazi na nani hana, nani ana ekari kumi na nani ana moja, na nadhani tunasahau kuuliza ni nani anayeweza kungoja. Mtu asiyeweza kungoja hupokea bei yoyote anayotajiwa, iwe ya korosho zake, iwe ya nguvu za mikono yake.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, ninauelewa kama jaribio la kuifanya subira iwe ya pamoja. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa kwa mzani, unakwenda ghala kuu, na chama kikuu, kama TANECU kwa Tandahimba na Newala au MAMCU kwa Masasi na Mtwara, kinauza mnadani kwa niaba ya wanachama. Mnunuzi aliyezoea kumkuta mkulima mmoja mmoja barazani kwake anakutana na maelfu ya tani zilizokaa pamoja. Najua mfumo huu una makovu. Aprili 2013 nyumba zilichomwa moto Liwale baada ya wakulima kukosa sehemu ya malipo waliyoyatarajia. Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono wanaotaka turudi kwenye enzi ya kila mtu na mnunuzi wake, kwa sababu nimeona nguvu iliyomo katika kukataa kwa pamoja. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnada zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, na mwezi uliofuata Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, yakaja malori ya jeshi kuzisomba. Kisha ukaja uhakiki wa wakulima, na malipo ya wengi yakachukua miezi. Bei ilikuwa ileile kwa kila mkulima, lakini kungoja hakukuwa kulekule: mwenye duka au nyumba ya kupangisha alivuka, na mwenye mikorosho ishirini alikopa kwa riba ili afike kwenye fedha zake mwenyewe.

Na huyo bado ni mwenye shamba, ambaye ana namba ya uanachama na jina lake limo kwenye kitabu. Nyuma yake kuna watu wasioandikwa popote. Kuna kibarua wa palizi, kuna akina mama na watoto wao wanaookota korosho chini ya miti, na kuna kijana wa kupulizia salfa, ambaye huingia shambani alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, ili unga ushike kwenye maua kabla ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, haujayala. Nimemwona mmoja akitoka shambani saa tatu asubuhi, mashine ya mota mgongoni, kipande cha kanga kimefungwa puani, macho mekundu yanatiririka machozi, nguo zote za rangi ya manjano. Makubaliano yake na mwenye shamba yalikuwa ya mdomo na ya sentensi moja: utalipwa mnada ukilipa. Kwa hiyo mkulima, ambaye naye amebanwa, anaishusha subira yake kwa mtu aliye chini yake, na yule wa chini hana wa kumshushia isipokuwa wanawe.

Marehemu babu yangu alikata mkonge Lindi enzi za Mwingereza, na kadi yake ya kazi iliitwa kipande. Ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na mpaka nafasi zote zijae mshahara haukutolewa, hata kama siku hizo 30 zilimchukua mtu wiki sita au zaidi kwa sababu ya homa au uchovu. Babu alisema kwamba mtu akishafikisha siku ya 20 hawezi tena kuondoka, hata akitukanwa, kwa kuwa jasho lake lote limo ndani ya karatasi ya tajiri. Kadi hizo hazipo tena, lakini sioni tofauti kubwa kati yake na ile sentensi ya "mnada ukilipa."

Sheria si kwamba imenyamaza. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, amemfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu mfululizo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kijana wa salfa anazifikisha saa hizo. Sijawahi kukutana na kibarua hata mmoja wa korosho aliyeambiwa hivyo, na hata akiambiwa, kufuatilia haki yake ni safari nyingine ya kungoja.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya haya yote ni viwanda, na kwa sehemu nakubaliana nao. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho katika mikoa yetu kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vingi vikasimama ndani ya miaka michache, na baadhi ya majengo yakageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India au Vietnam. Kazi ya kubangua ikaenda nazo. Lakini tuitazame vizuri hiyo kazi kabla ya kuiimba. Kule Kollam, jimbo la Kerala nchini India, imewalisha maelfu kwa maelfu ya wanawake kwa vizazi kadhaa; walijiunga na vyama vya wafanyakazi, wakapata kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na jimbo, na baadhi ya wenye viwanda wakahamishia ubanguaji Tamil Nadu, ambako ujira ulikuwa mdogo zaidi. Mwenye mtaji aliweza kungoja na kuhama. Mama mwenye vidole vilivyobabuliwa na mafuta ya maganda hakuweza lolote kati ya hayo. Vidole vya namna hiyo vipo hapa Mtwara pia, kwa akina mama wanaobangua majumbani, wakijipaka majivu kila baada ya muda ili mafuta yale yasiwachune ngozi. Kiwanda kitakachokuja bila kuwapa sauti kitawakuta na vidole hivyohivyo.

Katika nchi nyingine suala hili la kungoja limeshughulikiwa kwa makusudi. Denmark haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kwa sheria. Mishahara huamuliwa kwa majadiliano kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na mfanyakazi aliyejiunga na mfuko wa bima ya ukosefu wa kazi anaweza kulipwa kwa muda unaofika miaka miwili akitafuta kazi nyingine. Mtu wa namna hiyo anaweza kuikataa kazi ya dhuluma, na mwajiri analijua hilo kabla hawajakaa mezani. Ujerumani, korona ilipoingia mwaka 2020, serikali ilibeba sehemu ya mishahara ya mamilioni ya watu waliopunguziwa saa za kazi ili wasifukuzwe. Afrika Kusini nako kuna mfuko wa bima ya wasio na kazi, lakini unamlinda aliyewahi kuajiriwa na kuuchangia, katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 30 ya nguvukazi haina ajira na wengi hawajawahi kuajiriwa hata siku moja.

Kwetu sisi, mfano ulio karibu zaidi ni wa India. Mwaka 2005 nchi hiyo ilitunga sheria iliyozipa kaya za vijijini haki ya kudai siku 100 za kazi ya kulipwa kwa mwaka. Kazi zenyewe zilikuwa za kawaida, kuchimba mabwawa na kutengeneza barabara, lakini mwenye shamba aliyemtaka kibarua alijua kuwa mtu huyo ana mahali pengine pa kupata ujira. Sisi tuna TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na ajira zake za muda, na nadhani hapo ndipo pa kuanzia: kazi hizo zipangwe Julai hadi Septemba, miezi ambayo kopo la kangomba linazunguka vijijini.

Nisiache kuwataja vijana wa gesi, ingawa habari yao inastahili makala yake. Wapo waliokuwa na miaka 20 mwaka 2013, Mtwara ilipowaka kwa kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na sasa wana watoto shuleni. Bomba lilikamilika mwaka 2015, mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi umekuwa wa majadiliano mwaka hadi mwaka, na ngojangoja huumiza matumbo. Ninapowasikia wakiitwa wavivu nakumbuka jinsi walivyokimbilia kozi za ufundi walipoambiwa ajira zinakuja.

AMCOS yetu ina mkutano mkuu kabla ya msimu, na nimeshamwandikia katibu kuomba mambo mawili yaingizwe kwenye ajenda. La kwanza ni mfuko wa dharura, unaokatwa shilingi chache kwa kila kilo mnadani, ambao mwanachama anaweza kukopa mwezi wa Agosti kwa dhamana ya wastani wa mauzo yake, bila riba ya kumnyonga. La pili ni daftari la vibarua, lenye jina, kazi, kiasi na tarehe ya kulipwa, ili fedha za mkulima zinapoingia benki deni la kibarua lilipwe kwanza. Katibu amenijibu kwamba la kwanza litajadiliwa, na kwamba la pili litawaudhi wanachama. Mama mdogo ni mwanachama, naye amesema atasimama kulitetea.