Yasuní: kura ya wengi, gharama ya wachache

Tarehe 20 Agosti 2023, wananchi wa Ecuador waliulizwa kama mafuta ya Kitalu namba 43, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yasuní katika msitu wa Amazon, yaachwe ardhini. Takriban asilimia 59 walisema yaachwe. Wanamazingira wakashangilia dunia nzima. Ila Orellana, jimbo lenye kitalu hicho, wengi walitaka uchimbaji uendelee.

Rahisi kusema wamehongwa. Mimi sisemi. Wapo Wawaorani, wenyeji wa msitu huo, ambao shule, boti na matibabu vimewafikia kwa pesa za mafuta. Ukifunga kisima, nani atamlipa muuguzi? Na mwaka 2007 Rais Rafael Correa aliuomba ulimwengu dola bilioni 3.6 ili asichimbe. Hadi 2013, alipokata tamaa, zilikuwa zimeingia kama milioni 13 tu. Makofi ni bure, bwana.

Hata hivyo, nikitazama barabara ya Maxus, kampuni ya mafuta, nawaelewa zaidi waliokataa mafuta. Miaka ya 1990 kampuni hiyo ilichonga barabara kutoka Pompeya, kando ya mto Napo, hadi ndani ya msitu. Familia za Kiwaorani zikahamia pembeni yake. Magari ya kampuni yakawa yanawabeba bure, na Pompeya kulikuwa na gulio. Nguruwe mwitu, ambaye zamani aliwindwa akagawiwa jamaa, sasa akapakiwa garini, akauzwa kwa kilo. Mabadiliko hayo hayakuhitaji bomba kupasuka. Mtoto aliyekua akiona nyama inapimwa kwenye mizani hatajifunza ugawaji ule kwa kuhadithiwa tu.

Halafu kuna Watagaeri na Wataromenane, watu wa msitu huohuo waliojitenga kabisa na watu wa nje. Hawakupiga kura. Shule haiwahusu, dola haziwahusu, na mafua ya fundi mmoja wa mitambo yanaweza kumaliza ukoo mzima. Kwangu mimi, hao ndio wanaonifanya niegemee upande wa kuacha mafuta ardhini.

Mahakama ya Katiba ilitoa mwaka mmoja wa kuondoa mitambo. Serikali ilifunga kisima cha kwanza Agosti 2024, ikasema kazi nzima itafika 2029. Mapipa yanaendelea kutoka, na muda huo ungetosha kabisa kupeleka Orellana muuguzi anayelipwa na wizara ya afya, si na kisima.